Namna ya Kumshinda Mbwa wa Lubumbashi kwa Kipande cha Sabuni

Ukipita mitaa ya Golf au Bel-Air utaona vibao vya «Chien méchant», yaani mbwa mkali, vimetundikwa magetini, vingi vikiwa na picha ya mbwa aliyekenua meno. Kibao kinamwonya mwizi, mgeni na mtu anayekuja kusoma mita ya umeme. Mbwa wa humo ndani hakisomi. Geti likiachwa wazi alfajiri, sentineli akiwa nje anafagia, mbwa hatoki kuja kujitambulisha kwamba yeye ndiye yule wa pichani. Anatoka, anauma. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kujikinga na mbwa katika mji huu haihitaji fimbo wala ujasiri, na inamhusu mtu ambaye mbwa wake hamwumi yeye: funga geti.

Nimeanza na mwenye mbwa kwa sababu yeye ndiye anayesahauliwa. Mtu akiumwa barabarani, majirani humuuliza yeye: ulipita wapi, ulikimbia kwa nini, ulivaa nini. Hakuna anayemuuliza mwenye lupango, yaani boma la nyumba, kwa nini mnyama wake alikuwa barabarani. Sheria yetu inamuuliza. Amri ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo hadi leo ni Kitabu cha Tatu cha Kanuni ya Raia ya Kongo, inasema katika kifungu cha 261 kwamba mwenye mnyama anawajibika kwa madhara aliyosababisha mnyama huyo, awe alikuwa chini ya ulinzi wake, awe amepotea, au awe ametoroka. Soma tena hilo neno la mwisho. Yule mzee anayetoka na kanzu yake ya kulalia akisema «alitoroka tu, si kosa langu» amekiri mbele ya mashahidi. Alipe sindano, alipe nauli, alipe na siku za kazi zilizopotea.

Tunafuga mbwa kwa sababu ya wezi wa usiku, na sababu hiyo ni ya kweli. Anayelala Kisanga au Ruashi hahitaji kuelezwa. Lakini namna tunavyowafuga inazaa hatari nyingine. Mbwa anafungwa mnyororo mfupi tangu akiwa mdogo, haoni mtu ila yule anayemtupia mabaki ya bukari na vichwa vya samaki wa Thomson, kisha usiku anafunguliwa. Mnyama aliyekua hivyo hajui tofauti ya mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Wapo pia wanaomlisha pilipili wakiamini itamtia ukali. Pilipili inamtia maumivu ya tumbo, basi. Na mbwa mwenye maumivu anamuuma aliye karibu, ambaye kwa kawaida ni mtu wa nyumbani. Ukitaka mlinzi mzuri, mlishe vizuri, mtembeze, mzoeshe kuona watu, na umwachie nafasi ya kukimbia ndani ya ukuta. Mbwa mwenye afya atabweka kwa mgeni bila kufundishwa na mtu.

Sasa tuje kwako mpita njia, hasa wewe unayetembea kabla ya jua kutoka. Saa hiyo ndiyo mbaya. Mbwa wamefunguliwa usiku kucha, mageti yanaanza kufunguliwa, na barabarani wako wale ambao mji huu unawategemea: mwenye baiskeli aliyebeba makala (mkaa) kutoka upande wa barabara ya Kasenga, mama wa mikate, waumini wanaotoka kwenye mkesha wa maombi, wanafunzi wenye safari ndefu. Hawana ukuta wala kioo cha gari.

Usikimbie. Najua miguu haingoji ushauri, lakini hata winga wa TP Mazembe hamshindi mbwa kwa mbio, na mbwa aliyekuwa anabweka tu akikuona unakimbia anaanza kukufukuza. Simama. Mikono iwe chini, macho usimkazie, usipige kelele. Mgeuzie ubavu, kisha rudi nyuma polepole mpaka uwe mbali na geti analolilinda, maana mara nyingi anachotaka ni wewe uondoke pale. Kama una kitu mkononi, kiweke kati yako na yeye: kapu, mfuko wa shule, au mwavuli, ambao wakati wa mvua karibu kila mtu anao na ukifunguliwa ghafla humshtua mbwa. Mwenye baiskeli ashuke na aiweke kati. Mwenye magunia ya makala hawezi kushuka kwa wepesi huo, na kwa ajili yake narudia kumwambia mwenye lupango: funga geti.

Kuhusu jiwe. Mbwa wengi wa mitaani wamekua wakirushiwa mawe, kwa hiyo ukiinama kama unayeokota, wengi hurudi nyuma kabla mkono haujafika chini. Inama, basi, lakini usirushe. Jiwe la leo ndilo linalomfundisha mbwa kumchukia kila mtoto aliyevaa shati jeupe na kaptura ya bluu ya shule, na kesho anayelipa ni mtoto ambaye hakurusha chochote. Mbwa jike mwenye watoto hakimbii kwa kuinamiwa, wala mbwa aliyefundishwa kushambulia. Ukiangushwa, jikunje, lalia tumbo, vidole vifungane nyuma ya shingo na mikono ifunike masikio. Uso na shingo ndivyo vya kulindwa kuliko vyote.

Yupo mbwa ambaye hana geti, habweki, wala hajali umesimama au unakimbia. Huyo ana kichaa cha mbwa. Picha tuliyo nayo ni ya mbwa anayetoa povu na kuuma mawe, miti na matairi, na picha hiyo ni sahihi kwa baadhi yao. Lakini kichaa kina sura ya pili iliyo ya kimya: mbwa anajificha gizani chini ya kitanda au nyuma ya jiko, taya limelegea, mate yanadondoka, hawezi kumeza. Mwenye huruma anadhani mfupa umemkwama kooni. Anamfungua mdomo, anaingiza mkono kuutafuta. Mfupa haupo, na mkono umeshaloa mate yenye virusi. Usiingize mkono kamwe. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kiasi, afungiwe chumbani na aitwe veterineri. Hata kitoto cha mbwa kinaweza kuwa na ugonjwa huu.

Umeshaumwa. Hapa ndipo silaha niliyoiahidi inapohitajika, na inauzwa katika kila kibanda cha komini zetu za Katuba, Kenya na Kampemba: kipande cha sabuni. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Dakika 15 kamili, kwa saa ya simu; na kama simu imezimika, muda wa kwaya kuimba nyimbo tatu bila kuruka beti. Wengi huosha nusu dakika, damu ikipungua wanafunga kitambaa. Damu si shida kubwa. Shida ni mate. Virusi vya kichaa huishi ndani ya mate, na sabuni huvunja ganda la mafuta linalovizunguka. Ulichokisafisha ndani ya dakika hizo hakitapata mshipa wa fahamu wa kuupanda. Bomba lisipotoa maji, chukua bidoni la kisimani: mmoja amimine kwa kikombe taratibu, mwingine asugue kwa povu, maji yaingie mpaka ndani ya matundu ya meno. Kisha paka dawa ya iodini kama ipo. Usikubali jeraha lishonwe haraka, na usilizibe kwa bandeji ya kubana.

Jeraha dogo nalo huhesabiwa. Kukwaruzwa kwa jino hadi ngozi ikachubuka, au kulambwa mahali penye kidonda, ni sababu ya kutosha ya kuosha na kwenda kituo cha afya. Kuumwa kichwani, shingoni au vidoleni ni hatari zaidi, kwa sababu kichwa na shingo viko karibu na ubongo, na vidole vimejaa mishipa ya fahamu.

Sasa niwataje washindani wa sabuni mmoja mmoja, kwa kuwa wana wateja wengi kuliko sabuni yenyewe. Kuna jiwe jeusi, lile la kuwekwa kwenye jeraha ili linyonye sumu. Tunalijua kwa nyoka, na tumelihamishia kwa mbwa. Jiwe hilo ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa. Linang'ang'ania jeraha kwa sababu lina vitundu na damu ni nyevu, na mgonjwa anapoliona limegandamana anasema linafanya kazi. Virusi havikai mahali pamoja vikisubiri kunyonywa. Vinaingia kwenye mishipa ya fahamu na kupanda kuelekea ubongo. Kuna unga wa pilipili, chumvi, majivu, mafuta ya moto, na nywele za mbwa yuleyule zilizochomwa. Vyote vinachubua nyama zaidi na kuvifungulia virusi njia. Kuna lutuku, pombe yetu ya kienyeji. Ni kweli kwamba pombe iliyopimwa kwa kiwango cha asilimia 70 huua vijidudu, lakini lutuku haijapimwa na mtu, na aliyeumwa akinywa nusu na kumwagia nusu atalala badala ya kwenda hospitali.

Mtu ataniambia: mjomba wangu aliumwa, akawekewa jiwe, na yuko hai mwaka wa kumi huu. Nakubali yuko hai. Mbwa wengi wanaouma hawana kichaa. Wanauma kwa hasira, kwa woga au kwa kulinda. Mjomba angekuwa hai hata kama angewekewa kifungo cha shati. Jiwe linajipatia sifa kwa mbwa wazima, na linapokutana na mbwa mgonjwa mmoja, aliyeumwa hayupo tena wa kusimulia. Zaidi ya hapo, kichaa hakianzi siku ya pili. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi 2 hadi 3. Inaweza kuwa wiki 1, inaweza kuwa mwaka mzima. Kufikia wakati huo kovu limekauka na mbwa amesahauliwa. Mgonjwa anaanza kuhisi mchomo palipokuwa na jeraha, homa, wasiwasi, kisha koo linakaza akiona maji au upepo ukimpiga usoni. Familia inatafuta mchawi. Inampeleka kwenye chumba cha maombi, inauliza ni nani katika ukoo amemtuma. Aliyemtuma ni yule mbwa aliyemuuma miezi iliyopita. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, katika hospitali yoyote duniani.

Hii ndiyo sababu nashika sana suala la siku ya kwanza. Baada ya sabuni, nenda siku hiyohiyo ukaombe chanjo. Tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 kutoka Alsace aliyeumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Tangu hapo dunia ina jibu la ugonjwa huu. Wanaoogopa zile sindano nyingi za tumboni wamesimuliwa habari za zamani. Chanjo ya sasa huchomwa begani kwa mtu mzima, na pajani kwa mtoto mdogo: sindano 4 au 5 zilizogawanywa ndani ya wiki chache, au utaratibu mfupi wa kuchoma kwenye ngozi unaokamilika kwa wiki 1. Mwenye jeraha lililopenya ngozi anahitaji pia immunoglobulini, ambayo humiminwa ndani na kando ya jeraha lenyewe. Uliza na sindano ya pepopunda. Mama mjamzito achanjwe vilevile. Hatari ni kuacha.

Chanjo haikai kila mahali. Inahitaji friji ya nyuzi 2 hadi 8, na friji inahitaji umeme, na habari za umeme wa mji huu tunazijua sote. Kwa hiyo usingoje kuumwa ndipo uulize. Wiki hii piga simu au pita kwenye ofisi ya zoni yako ya afya, uulize ni wapi chanjo ya kichaa inapatikana kwa sasa, kisha uandike jina la mahali hapo mlangoni kwa ndani, karibu na namba ya fundi wa maji. Vikundi vya kanisa, vikundi vya likelemba vya kuchangishana pesa, na kamati za mtaa vinaweza kuifanya kazi hii kwa asubuhi moja na kumwambia kila mwanachama.

Gharama inauma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tiba baada ya kuumwa, ukijumlisha nauli na kipato kilichopotea, hugharimu wastani wa dola 108. Huyo mama wa mikate atazitoa wapi? Ndiyo maana kifungu cha 261 kisibaki kwenye rafu za mawakili. Nenda kwa mwenye mbwa na mashahidi wawili wa mtaani, mweleze kwa heshima, na mkishindwana nendeni kwa chef de quartier. Jirani mwema hulipa kabla ya kufika huko.

Na mbwa aliyeuma? Vijana wa mtaa wameshakusanya mawe. Wazuieni. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa bila kumhatarisha mtu, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku ya kuuma ataugua na kufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, anakula na kunywa, daktari anaweza kusimamisha chanjo. Chanjo ianze bila kungoja siku hizo zipite. Ukimuua mbwa saa ileile na kumtupa mtoni Lubumbashi, umetupa ushahidi wote, na sasa mgonjwa hana budi kumaliza dozi yote kwa kubahatisha.

Kuna viongozi ambao dawa yao ya kila tatizo la mbwa ni sumu na bunduki. Dawa hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na haimalizi kichaa: nafasi ya mbwa waliouawa hujazwa na wengine wasiochanjwa, na waliokuwa wamechanjwa wameuawa pamoja nao. Kinachomaliza ni kuchanja mbwa. Zikichanjwa asilimia 70 za mbwa wa mahali, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Watu wa kisiwa cha Pemba, Tanzania, walifanya hivyo. Kisiwa kikawa hakina kichaa mwaka 2014, ugonjwa ukaingizwa tena 2016, wakarudi kuchanja, na 2018 ukaondoka tena. Watu wa Pemba hawana damu tofauti na yetu wala mbwa wa aina nyingine. Walichanja mbwa wao, basi.

Lubumbashi hatukosi wataalamu. Chuo Kikuu chetu kina Kitivo cha Tiba ya Mifugo, na vijana wanahitimu humo kisha wanatafuta kazi. Wenye kampuni za madini wana mbwa wa ulinzi, wana magari, wana majokofu. Bourgmestre wa kila komini ana ofisi za mitaa zinazojua kila lupango na anayeishi humo. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Naomba mwaka huu komini zetu ziiadhimishe kwa sindano za mbwa, na hotuba zipunguzwe. Wewe mwenye mbwa usingoje siku hiyo. Mbwa huchanjwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Mpeleke, dai kadi yake, iweke pamoja na vyeti vya watoto.

Watoto nimewaacha mwisho kwa sababu ndio wanaoumwa zaidi na kusema kidogo. Kati ya watu 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto hucheza pale alipokatazwa, humvuta mbwa mkia anapokula, huchukua kitoto cha mbwa mbele ya mbwa aliyekizaa, na akiumwa huficha mguu ndani ya soksi kwa sababu anajua atachapwa. Ukimya huo ndio unaoua. Baba, mama, yaya: leo usiku, kabla ya kulala, mwambieni kila mtoto wa nyumba hii kwamba akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, hata kama alikuwa anafanya kosa, aje aseme palepale, na kwamba siku hiyo hatapigwa. Kisha mtimize ahadi hiyo, na sabuni iwe karibu.